Shokapu Mpya za Thabiti

MWAISHA: Haloo. Nani mwenzangu?

SHADYA: Haloo? Asalaam aleikum.

MWAISHA: Waaleikum salaam. Nani?

SHADYA: Shikamoo dada. Ni mimi, Shadya.

MWAISHA: Shadya yupi?

SHADYA: Shadya wa Msimbati. Wa... wa kwa Thabiti. Mke mwenzio.

MWAISHA: Marahaba. Namba yangu umeipata wapi?

SHADYA: Ninayo tangu nilipoolewa. Niliitoa kwenye simu yake. Sikuwahi kuipiga.

MWAISHA: Na leo?

SHADYA: Tumekwama njiani, dada. Tunakwenda kliniki mjini, tumeshapita Madimba, na hii pikipiki inatu— [mtandao unakwaruza] —upande mmoja.

MWAISHA: Sikusikii. Inafanya nini?

SHADYA: Inayumba. Tangu tumetoka nyumbani inayumba. Mara mbili tumekaribia kuingia kwenye mikorosho. Thabiti kaniteremsha hapa kivulini, yeye kaenda kwenye nyumba za mbele kuazima spana. Kaniachia pikipiki niilinde.

MWAISHA: Kwa nini hakupiga mwenyewe?

SHADYA: Nilimwambia akupigie. Nilimwambia dada Mwaisha kakulia gereji ya baba yake, anauza spea, ataijua hata kwa simu. Akasema hapana, tutafika tu. Hajui kama nimepiga.

MWAISHA: Hakutaka nijue kitu. Ijumaa nimeifunga cheni kwa mkono wangu hapa Mikindani, ilikuwa haina tatizo. Kaigusa nini?

SHADYA: Shokapu.

MWAISHA: Shokapu gani?

SHADYA: Za nyuma. Kafungiwa mpya juzi, na fundi mmoja Likombe, anaitwa Danieli. Zile ndefu, zina kikopo cha gesi ubavuni. Springi za njano.

SHADYA: Dada? Upo?

MWAISHA: Nipo. Springi za njano ninazo hapa dukani, zimening'inia mbele ya macho yangu. Kapita hapa, kanisalimia, kanywa chai, kaenda kununua Likombe.

SHADYA: Labda alikuta—

MWAISHA: Hakukuta chochote. Angenunua hapa ningemuuliza anamfungia nani. Hilo ndilo alilokimbia. Anamfungia nani?

SHADYA: Mgongo ulikuwa unaniuma, dada. Ile barabara yetu ina matuta ya mchanga na mashimo. Sikumwomba. Wallahi sikumwomba.

MWAISHA: Mimi nimepanda pikipiki hiyo miaka kumi na moja. Mimba ya mwanangu Zuhura nimeibebea juu ya chuma hicho. Nilipolalamika aliniambia nikunje kanga nikalie. Nikakunja, nikakalia.

SHADYA: Najua.

MWAISHA: Huwezi kujua. Enhe. Unataka nini kwangu?

SHADYA: Nataka kujua kama tuendelee. Kliniki wanafunga saa sita, na nimepewa siku moja tu ya kipimo. Thabiti anasema inayumba kidogo, mimi naona si kidogo. Usukani ukitetemeka naona mikono yake inakakamaa.

MWAISHA: Shokapu mpya ndivyo zilivyo. Zinaanza ngumu, baadaye zinazoea. Mwambie apande tu, mwende zenu.

SHADYA: Kweli?

MWAISHA: Umeniuliza, nimekujibu.

SHADYA: Haya. Alhamdulillah, umenitoa hofu. Nilikuwa nimeshaanza kusali hapa. Acha nimtazame kama anarudi. Asante dada, Mungu akulipe. Niage basi—

MWAISHA: Shadya.

SHADYA: Naam.

MWAISHA: Miezi mingapi?

SHADYA: Saba. Unaingia wa nane Jumanne.

[kimya kirefu]

MWAISHA: Usipande.

SHADYA: Unasema?

MWAISHA: Usipande hiyo pikipiki. Nilichokwambia si kweli. Shokapu mpya haziyumbishi pikipiki. Ikiyumba, kuna kitu kimefungwa vibaya.

SHADYA: Sasa mbona uliniambia—

MWAISHA: Nilikwambia kwa roho mbaya. Nimekaa hapa naziangalia hizi springi za njano, ikanijia tamaa ukae nazo zikutikise kidogo. Unisamehe au usinisamehe, lakini usipande.

SHADYA: Ungeniacha niende?

MWAISHA: Nimekuita, sikukuacha. Tusipoteze salio. Imesimama kwa stendi ya kati au ya pembeni?

SHADYA: Ya kati.

MWAISHA: Vizuri. Zunguka nyuma yake. Chuchumaa kama unaweza.

SHADYA: Taratibu... Haya. Nipo nyuma.

MWAISHA: Ukiwa njiani ulisikia inavuta wapi?

SHADYA: Kushoto. Kila tukiingia shimo inavuta kushoto.

MWAISHA: Angalia springi ya kulia, chini kabisa. Kuna bangili ya chuma imekatwa vidaraja kama ngazi. Umeiona?

SHADYA: Nimeiona.

MWAISHA: Kuna kijino kimekalia daraja mojawapo. Hesabu kuanzia chini.

SHADYA: Moja, mbili, tatu... cha nne. Kimekalia cha nne.

MWAISHA: Nenda kushoto.

SHADYA: Kushoto... cha kwanza, dada.

MWAISHA: Una uhakika?

SHADYA: Cha kwanza. Hakijapanda hata kimoja.

MWAISHA: Ndiyo hiyo. Upande mmoja mgumu, mwingine laini. Tairi la nyuma linasukumwa kombo, na usukani unafuata. Baba angemchapa fundi kwa kazi hiyo. Sasa palepale kushoto, shuka chini zaidi. Shokapu imeshikwa na nati. Iguse.

SHADYA: Ina vumbi.

MWAISHA: Ishike kwa vidole, jaribu kuizungusha.

SHADYA: Inazunguka.

MWAISHA: Kwa vidole?

SHADYA: Kwa vidole viwili. Imebaki mwishoni mwishoni kabisa, nauona uzi wote wa bolti.

MWAISHA: Ondoka hapo. Kaa kivulini.

SHADYA: Ingetoka?

MWAISHA: Ingetoka kabla hamjafika lami. Wewe umekaa juu yake.

SHADYA: [anahema] Nimesogea kivulini.

MWAISHA: Kaa chini kwanza, unywe maji kama unayo.

SHADYA: Ninayo. [mtandao unakwaruza] Dada, nikuambie neno?

MWAISHA: Sema.

SHADYA: Usimkasirikie kwa hizi shokapu. Hazikuwa kwa ajili yangu hasa.

MWAISHA: Za nani? Za samaki wake wa biashara?

SHADYA: Juzi alipofika nazo nilimcheka. Nikamwambia umefunga pikipiki au umefunga godoro? Hakucheka. Alikaa kizingitini, akanieleza habari za ile safari yenu ya Kilambo.

MWAISHA: Safari gani?

SHADYA: Ile ya kufuata kamba wa kuuza, Ruvuma. Ulipokuwa na mimba ya miezi mitano. Alisema njia nzima ulikuwa unamwambia taratibu, Thabiti, taratibu. Yeye akadhani unaogopa mwendo. Alikuwa anawahi barafu isiyeyuke. Mlipofika ndipo akaiona kanga yako ina damu.

MWAISHA: Nyamaza.

SHADYA: Haya.

[mtandao unakwaruza]

MWAISHA: Akasema nini tena?

SHADYA: Alisema ile kanga aliichukua yeye. Ya zambarau. Alikwenda kuifua mwenyewe, haikutakata, akaizika nyuma ya nyumba ya mama yake. Hakutaka uione.

MWAISHA: Nilidhani imepotelea hospitali. Nilimuuliza mara ngapi, akaniambia hajui.

SHADYA: Alisema alikuwa anakusikia unalia bafuni, na yeye anajifanya kalala. Akasema hawezi kubeba mwanamke mwingine juu ya zile shokapu za zamani. Ndivyo alivyosema. Nami nikafikiri hayo mmeshayaongea siku nyingi. Nisingeyatamka.

MWAISHA: Hatukuyaongea.

SHADYA: Hata mara moja?

MWAISHA: Miaka tisa. Nilikuwa namwangalia anakula, anaswali, anacheka na watu barazani, nikasema huyu hakuona kitu. Nilimchukia kwa hilo kabla wewe hujaja. Ulipokuja, ikanibidi nikuchukie na wewe. Kumbe aliona. Na kaja kukueleza wewe.

SHADYA: Sikumuuliza, dada.

MWAISHA: Najua hukumuuliza. Ndilo linaloniuma. Mimi nilimuuliza kwa kila njia, hadi kwa kunyamaza. Angekununulia dhahabu nisingeumia hivi.

SHADYA: Nisamehe.

MWAISHA: Huna kosa. Ningekuwa na la kukusingizia ningepumua.

SHADYA: [sauti ya chini] Namwona. Anakuja, kashika spana.

MWAISHA: Sikiliza basi, nisikie vizuri. Aikaze ile nati ya kushoto mpaka iishie. Kisha aikague ya kulia. Zile bangili azipandishe zote mbili daraja la pili, sawasawa, ya kushoto na ya kulia. Halafu apande peke yake, taratibu, mpaka hapa kwangu niikague.

SHADYA: Na mimi?

MWAISHA: Wewe usipande hata akiifunga kwa nyaya. Simamisha bajaji, au gari lolote linalotoka Madimba. Kliniki ukifika waambie umetikiswa njiani, wakusikilize mtoto kabla ya kipimo chochote. Usione haya kusema.

SHADYA: Nitasema.

MWAISHA: Usikae peke yako kwenye foleni. Nafunga duka, nakuja.

SHADYA: Unakuja? Wewe?

MWAISHA: Usiniulize mara mbili, nitabadilika.

SHADYA: Haya. Kafika, ananiangalia. Ananiuliza naongea na nani.

MWAISHA: Mwambie.

SHADYA: [mbali na simu] Ni dada Mwaisha. [kwenye simu] Kaweka spana chini. Nimpe simu?

MWAISHA: Usimpe. Nikimsikia sasa hivi nitamtukana, na mimi nataka— [mtandao unakwaruza] —

SHADYA: Unataka nini? Dada, salio linaniishia, limeshalia mara moja.

MWAISHA: Mwambie pikipiki aiache hapa kwangu, aingie ndani, anisubiri nirudi kutoka kliniki. Mwambie yale aliyokueleza wewe, nataka kuyasikia kwa mdomo wake. Yote, tangu—

SHADYA: Tangu wapi? Haloo? Dada?