Fundi Kristian Shemhilu na Breki za Kona ya Mwanaheri

Marehemu Kristian Abrahamu Shemhilu alizaliwa Kwai, Lushoto, tarehe 14 Machi 1966, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa Mzee Abrahamu na Mama Esteria, ambao wote wametangulia. Alibatizwa mwaka huohuo katika usharika wetu wa Kilutheri. Mama alikuwa akisema Kristian alichelewa kutembea kwa sababu alikuwa bado anachunguza namna ya kutambaa, na waliofanya naye kazi watakubali kwamba hakubadilika sana.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Kwai kuanzia 1974 hadi 1980. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Mwaka 1982 alishuka Korogwe, akajifunza ufundi katika karakana ya shamba la mkonge, akitengeneza matrekta kwa miaka saba. Huko aliona jambo lililomkaa kichwani: trekta lina pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la nyuma la kushoto, nyingine la kulia. Dereva akifika mwisho wa mstari hukanyaga moja tu, trekta likageuka palepale lilipo.

Alirudi nyumbani 1989 na kufungua gereji. Mwaka 2003 alinunua Landrova kuukuu la chesisi ndefu, la kushushia mboga Soni na kuwapeleka wagonjwa Lushoto mjini. Shida ilikuwa ile kona iliyo juu ya shamba la kabichi la Mama Mwanaheri. Mnaijua. Gari refu haliimalizi kwa mkupuo mmoja; dereva hurudi nyuma mara mbili au tatu, magurudumu yakiwa hatua moja tu kutoka bondeni. Abiria walikuwa wakishuka na kupita kwa miguu. Mama Mwanaheri alimwambia, “Fundi, siku ukiamua kuniangukia, subiri nivune kwanza.”

Mwaka 2008, baada ya miezi minne mgongo ukiwa chini na macho yakiwa juu, Kristian alitenganisha paipu za breki za magurudumu ya nyuma, akaweka vishikio viwili vya chuma pembeni ya kiti cha dereva. Ukivuta cha kushoto, gurudumu la kushoto linashikwa, la kulia linaendelea kusukuma, na gari linazunguka. Kona ya Mwanaheri ikaanza kukatwa kwa mkupuo mmoja. Sharti alilirudia mpaka likatuchosha: “Gia namba moja, mwendo wa kutembea, na ukiwa unapanda tu. Ukishuka, sahau kama vipo.” Wenye magari sita walimwomba awafungie na wao.

Marehemu alifunga ndoa na Yudith tarehe 4 Septemba 1993. Alichelewa kanisani kwa sababu gari la bwana harusi lilikuwa limemshinda dereva, na bwana harusi ndiye aliyekuwa fundi. Yudith husema pete ilimwingia mumewe bila shida kwa sababu kidole kilikuwa bado kina grisi. Walijaliwa watoto watatu.

Tarehe 20 Aprili 2011, siku ya mvua, Landrova lile lilianguka kwenye kabichi za Mama Mwanaheri. Mika, mdogo wa mwisho wa marehemu, alikuwa akishuka na mboga, pembeni yake akiwa Jafari, mfanyabiashara wa Soni. Jafari alivunjika mguu sehemu mbili na hadi leo anatembelea fimbo. Mika aliwaambia watu kwamba breki zilijishika zenyewe. Kristian aliingia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, akatoka na kusema, “Breki nilifunga mimi. Nitajibu mimi.” Alizing'oa mbele ya majirani. Wale sita hawakurudi. Wapo waliomwita fundi wa majeneza, na wengine mko hapa. Jafari aliuguzwa nyumbani kwa Kristian miezi minne.

Mama Esteria alipougua, mwaka 2014, hakuna dereva aliyekubali kupanda ile kona kwenye utelezi. Tulimshusha kwa machela mpaka barabara kubwa. Aliyeshika mbele alikuwa Kristian, na Mama hakufika hospitali.

Ndugu waombolezaji, mimi ninayesoma ndiye Mika. Breki zile hazikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nashuka kwa kasi nikitaka kumwonyesha Jafari jinsi gari linavyogeuka, nikavuta kishikio. Kaka alipotoka chini ya gari alinitazama, nami nikajua kwamba ameshajua. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu kumwoa Sesilia, na wajomba zake kule Zirai walikuwa wakitafuta sababu ya kunikataa. Akanifichia. Mimi nikamwacha anifichie, miaka kumi na minne.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2022. Mwezi uliopita, akiwa amelazwa, nilimwambia, “Kaka, nataka niwaambie watu.” Akacheka kidogo. “Sesilia ameshakuzalia watatu, hawezi kurudi Zirai tena. Sema. Lakini anza na Jafari.” Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini na tisa. Siku ya pili nilikwenda kwa Jafari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mguu nimeshauzoea. Kaseme mbele yake kabla hajafukiwa.” Ndiyo maana nimeiomba kamati ya mazishi ichapishe wasifu huu kama ulivyo, bila kupunguza neno.

Marehemu ameacha mjane, Yudith, watoto watatu, Timotheo, Beatha na Dotto, wajukuu wawili, dada watatu, na mdogo mmoja wa kiume, ambaye alimwacha kaka yake aitwe fundi wa majeneza akiwa hai, na kwa ajili ya kona hiyohiyo akambeba mama yao begani pamoja naye bila kusema ukweli.

Kaka, nimesema. Jafari amesimama hapa, amesikia, na watu wote wamesikia. Lawama hii naichukua leo. Wewe lala kwa amani, Mungu akupokee.