Chai ya Mzee Pima Tena

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwalimu wa chuo kikuu aliyewachunguza nyuki wadogo wasiouma kwa miaka thelathini na minane. Ametutoka wiki mbili zilizopita. Wanafunzi walimwita Mzee Pima Tena, kwa sababu ukimpelekea jibu, hata liwe zuri namna gani, alikurudishia maneno mawili tu: "Pima tena."

Ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho, ghorofa ya pili. Mzinga dirishani, birika la umeme lililofungwa mkono kwa waya, na kiti kimoja cha maana. Kiti cha mzee. Ukutani palikuwa na picha ya mama mmoja mwenye miwani, mwalimu aliyemfundisha yeye. "Huyo ni bibi yenu kwa elimu," aliwaambia wanafunzi. "Msalimieni."

Miaka sita iliyopita aliingia humo binti mmoja, mtafiti mchanga. Kazi yake ilikuwa kuwatia nyuki nukta ya rangi mgongoni, kisha kutafuta walikokwenda. Rangi yenyewe ilikuwa ya kucha, ya mke wa mzee.

"Kila wiki kichupa kinapotea," mjane anatusimulia, akicheka. "Kumbe mume wangu anawapamba nyuki."

Sasa sikilizeni. Kitabu cha mzee, kile kilichompa sifa, kilisema nyuki hawa hawavuki mita mia tano kutoka mzingani. Binti akamkuta nyuki mwenye nukta nyekundu kwenye maua ya hospitali. Mita mia tisa. Akapima tena kwa kamba. Mia tisa. Akapima mara ya tatu. Mia tisa.

Kitabu ni cha mwalimu wake. Sahihi ya kumaliza masomo ni ya mwalimu wake.

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," mama yake akamwonya. "Maliza kwanza, mwanangu. Utasema baadaye."

Akaificha karatasi ya vipimo vyake kwenye begi wiki tatu. Lakini nyuki yule mwekundu hakumpa raha. Jumatatu moja akaiweka mezani kwa mzee, akarudi kusimama mlangoni, tayari kutoka.

Mzee akasoma. Akavua miwani.

"Umepima tena?"

"Mara tatu, mzee."

"Kwa kamba?"

"Kwa kamba."

Mzee akainuka, akavuta kile kiti chake. "Basi kaa hapa. Shikamoo, mwalimu."

"Jamani mzee, usinifanyie hivyo."

"Kaa, mwanangu. Nilipomkosoa bibi yako huyo," akaonyesha picha, "alinipa kiti chake, akanichemshia chai kwa mkono wake. Tangu hapo nangoja zamu yangu. Wenzako wamekuja, wamenisifu, wameondoka. Nikaanza kuogopa nitakufa sijapika chai."

Akapika. Majani tele, sukari akasahau. Binti aliimaliza yote, machozi yakimtoka, na hadi leo hasemi kama ni kwa furaha au kwa uchungu wa majani.

"Nyumbani hakuwahi kuchemsha hata maji," anasema mjane. "Aliponiambia kampikia mwanafunzi chai, nikamwuliza, huyo mwanafunzi yu hai?"

Yu hai, wasikilizaji. Kitabu kilichapwa upya, kikasema mita mia tisa, na jina la binti limo. Leo anafundisha katika chumba kile kile. Picha ukutani sasa ni mbili.

Juzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mzee, majonzi bado mabichi. Mwanafunzi wake, mwanamama mtu mzima, akasimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Samahani, mwalimu. Ile mia tisa yako… mimi nimepata elfu moja na mia mbili."

"Umepima tena?"

"Mara nne."

Binti akazitazama picha mbili ukutani. Kisha akainuka, akatoka kwenye kiti, akachukua birika la mkono wa waya, akaenda kuteka maji.

Kwa mama mjane, watoto, na wote waliokunywa elimu kwa mzee huyu, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani amesimama mlangoni na karatasi yake, nasi tumeng'ang'ania kiti?