Mbwa Aliyevuka Barabara

Benchi letu lipo kwenye kona, baina ya kibanda cha kinyozi na karakana ya kuchomelea mageti. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na una sheria moja: hakuna akaaye hapo bila kupewa jina. Kinyozi ni Redio, kwa sababu hazimiki. Dereva mstaafu ni Bado, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila anayemuuliza jambo. Mchomeleaji ni Fundi Moto. Mimi nilikuwa karani wa mahakama, nikaitwa Karani, na sikulalamika, maana jina lilikuwa sahihi. Hata birika la kahawa lina jina: ni Treni, kwa sababu ya mluzi wake. Nguzo ya umeme iliyoinama mbele yetu ni Mlevi. Jioni hiyo tulikuwa wanne, Treni akipiga mluzi juu ya jiko, na macho yetu yote yalikuwa ng'ambo ya barabara, mlangoni pa duka la Mama Cherehani, fundi wa nguo, ambako mbwa wa rangi ya kahawia alikuwa amejinyoosha.

— Jamani, nisaidieni, akasema Redio. Lile alilolalia si godoro?

— Ni godoro, nikasema.

— Na mto?

— Na mto.

— Wenye foronya ya maua! Suruali yangu ipo kwake tangu mwezi uliopita, anipunguzie kiuno tu. Kila nikienda, "Kesho, kaka." Mbwa kashonewa godoro, kashonewa foronya!

— Mbwa hambishii bei, akasema Bado.

Fundi Moto hakucheka. Mbwa yule alikuwa wake. Tangu akiwa mdogo alifungwa kwa waya kwenye nguzo ya karakana, jua lake, mvua yake, na maji yake katika kopo la rangi, siku alizokumbukwa. Urefu wa waya ulimfikisha chini ya benchi letu na si zaidi. Waya ulimchimba shingo hadi ikatoka kidonda, na mbavu zikawa nje. Siku moja Mama Cherehani alivuka barabara, akaazima koleo kwa Fundi Moto mwenyewe, akauliza mbele yetu sote: "Fundi, huyu unamtaka?" Fundi Moto akajibu bila kuinua uso: "Mchukue, dada. Ananijazia nafasi tu." Mama akaukata waya, akarudisha koleo, akashukuru. Sasa manyoya yale yanang'aa, na wapita njia husimama kumtazama mbwa.

— Leo namrudisha, akasema Fundi Moto.

— Unamrudisha nani?

— Mbwa wangu. Mama akitoka kufunga duka, navuka.

— Ulimpa mwenyewe, nikamwambia. Sote ni mashahidi.

— Nilimpa mbwa mgonjwa, Karani. Yule pale mzima. Mzima sikumpa.

— Hoja hiyo mahakamani ingemwamsha hata hakimu aliyelala.

— Mwacheni, akasema Redio. Fundi kaibiwa kwa akili. Tazameni yale masikio! Babu yake yule alikuwa mbwa wa polisi. Mama Cherehani alikuwa anajua. Ndiyo maana hakuchukua paka.

— Ulimnyoa wewe huyo babu? akauliza Bado. Jambo lenyewe hujaliona bado. Yule mbwa katumwa. Alikuwa akilala hapa, chini ya miguu yetu, anasikiliza. Sasa kahamia kule na maneno yetu yote.

— Kakuambia nani?

— Mbona siku hizi nikimsalimia Mama Cherehani, anacheka kwanza ndipo aitikie? Nilisema hapa, kwenye ubao huu, kwamba ningekuwa kijana ningepeleka posa. Waliosikia ni nyinyi na mbwa. Karani hasemi. Fundi ana mambo yake. Amebaki nani?

Redio akaona kwamba Treni anahitaji makaa.

— Mbwa, akasema Redio huku ametugeuzia kisogo. Lazima ni mbwa. Na ngojeni, hamjaona kitu. Mama hana mtoto. Duka lile atamwachia nani? Tutakwenda kupimwa kiuno na mbwa, na yeye atatuambia "Kesho, kaka."

Tukacheka, hata mimi. Fundi Moto alikuwa akizungusha kikombe chake, nacho kimejaa vilevile.

— Chekeni. Jana walipita hapa, mama na yeye, mbele ya karakana. Pale alipokulia. Hakugeuza hata shingo.

— Ulitaka akupe mkono?

— Nilitaka anitikisie mkia. Basi. Mimi ndiye niliyemleta akiwa anaenea ndani ya kofia. Yule mwanamke akikohoa tu, mkia unakwenda kama feni. Kwangu hakuwahi. Ana nini yeye nisichokuwa nacho?

Bado akamwambia anywe kahawa, inapoa.

Mwishoni mwa benchi alikaa mtu mgeni, anangoja kunyolewa. Redio alikwishamwambia "dakika moja, bwana" na kumsahau. Hakuwa amepewa jina bado.

Ng'ambo, Mama Cherehani akatoka na funguo. Mbwa akasimama, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma. Fundi Moto naye akasimama. Akatoa mfukoni mnyororo mpya, mwembamba, alioufanya kwa mkono wake, pete kwa pete, na kuupiga msasa mpaka ukawaka kama fedha. Sikujua kwamba alikuwa akitengeneza kitu hicho. Akaenda hadi ukingoni mwa barabara.

— Wewe! akaita.

Tukageuka sisi. Akageuka mwenye baiskeli aliyekuwa akipita. Mbwa hakugeuka.

— Wewe! We! Njoo!

Mwenye baiskeli akasimama, akauliza kama kuna tatizo.

— Samahani, wazee wangu, akasema yule mgeni. Mwiteni kwa jina lake, huenda akasikia. Alipokuwa hapa mlikuwa mkimwitaje?

Fundi Moto akamtazama Redio. Redio akamtazama Bado. Bado akanitazama mimi. Mimi nilimtazama Mlevi, ambaye tulimpa jina siku ileile alipoinama, kisha Treni, kisha nafasi tupu chini ya benchi. Mgeni akangoja kwa adabu, akidhani wazee wanakumbuka.

— Hariri! akaita Mama Cherehani. Hariri, twende nyumbani, mwanangu.

Mkia ukaenda kama feni. Wakakata kona, yeye na mbwa wake.

Fundi Moto akarudi, akaketi mahali pake, na mnyororo ukamwagika mapajani mwake. Redio alikuwa na la kusema, nikaliona linakuja, nikamshika mkono.

— Hariri, akasema Fundi Moto.

Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake, na barabarani hakukuwa na wa kuitika.