Mwanabaraka Talha, Nambari 872 Duniani

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 1997, Bi Mwanabaraka Talha anaweka raketi chini baada ya miaka kumi na moja ya kucheza tenisi ya kulipwa, yote akiwa na klabu yetu hapa Kinondoni. Nimeombwa niandike habari zake kwa kuwa nimecheza naye wawili wawili tangu mwaka wa kwanza, na hakuna aliyemwona akishindwa mara nyingi kuliko mimi.

Ni mzaliwa wa Mtoni. Mwaka 1986 aliacha kazi ya kuchapa barua katika shirika moja la umma, kazi yenye kiti na pensheni, akaja kwetu kucheza na kufundisha wanachama. Enzi hizo mipira ilikuwa adimu; tuliipiga mpaka ikanyonyoka manyoya, ikawa kama viazi vilivyomenywa. Biashara ilipofunguliwa na raketi zikajaa Kariakoo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua, na wa kwanza kulalamika kwamba nyuzi zake ni za kushonea viatu.

Alikwenda kushindana Nairobi, Lusaka na Harare. Mara kumi na tatu alitolewa raundi ya kwanza. Mama yake, Bi Rukaiya, muuza vitumbua, hakuupenda mchezo huu tangu awali, na mwaka 1994 uvumilivu ulimwishia.

"Una miaka ishirini na minane," alimwambia mbele yangu. "Ukitolewa tena, rudi tukae wote jikoni."

Safari iliyofuata, ya Nairobi, tulikwenda pamoja. Alipoteza seti ya kwanza sita kwa moja. Alipokuja kuketi uso ulikuwa umelowa, na halikuwa jasho tu. Nikawa natafuta neno la kumliwaza, akaniwahi, akiniita kwa kifupi cha jina langu kama kawaida yake.

"Apo, mie vitumbua siviwezi. Naviunguza."

Akarudi uwanjani. Seti mbili zilizofuata alishinda saba kwa tano, saba kwa tano, msuli wa mguu umemkaza hata akawa anachechemea. Mpira wa mwisho wa mpinzani ulipokwama wavuni, hakuruka wala hakupiga kelele; alimwendea mwamuzi kumuuliza kama kweli mechi imekwisha.

Kesho yake alitolewa kwa dakika arobaini. Lakini ushindi ule mmoja ulimpa pointi, na orodha ya dunia ilipotoka, alikuwa wa 872. Tukampelekea mama habari.

"Watu mia nane sabini na moja wako mbele yako, nawe unacheka?"

"Ndiyo, mama."

"Na nyuma yako?"

"Wote waliobaki duniani."

Bi Rukaiya akageuza vitumbua vyake. Wiki haikuisha, wateja wote wa Mtoni wakawa wanaijua nambari ile, na habari ya jikoni haikutajwa tena.

Pointi nyingine hakuipata. Aliendelea kucheza miaka mitatu zaidi, mpaka goti la kulia lilipokataa. Sasa anakwenda kufundisha mabinti kwenye uwanja wa saruji uliokarabatiwa Temeke, kazi aliyoiomba mwenyewe.

Dada Mwanabaraka, ahsante kwa kutuonyesha namna ya kurudi uwanjani. Mungu akujalie afya, na siku zako zilizo mbele ziwe za heri. Jumatatu usichelewe: mabinti kumi na wanne wamekwisha kujiandikisha.

Apolonia Albano