Damian Bujiku, Mtu wa Kuhama

Ndugu waombolezaji, mimi ni Rosemary, dada yake Damian. Familia imeniomba niwasomee maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa.

Damian Bujiku alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 hapa Mhunze, mtoto wa pili wa marehemu mzee Bujiku na mama Justina. Alinifuata mimi, naye akafuatwa na Fredy.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1996. Alifaulu, lakini mwaka ule mvua ilikataa, ng'ombe wakafa, akabaki nyumbani kuchunga waliosalia. Hali ilipotengemaa ilikuwa zamu ya Fredy, aliyesoma hadi akawa fundi umeme. Damian hakumwonea wivu. Ndiye aliyemsindikiza stendi, sanduku la bati kichwani, akimtania kwamba limejaa mawe.

Mwaka 2001 aliondoka kwenda machimbo madogo ya Geita. Cheti hakuwa nacho, alikuwa na mikono. Shimo likitoa mawe mazuri, alikaa. Mwamba ukikata, dhahabu ikaisha, alihama na wenzake kufuata tetesi za mahali pengine. Alichimba Nyarugusu, Bukombe, Msalala, na katika mapori ambayo majina yake yalisahaulika watu walipoondoka. Fredy aliajiriwa mgodini Bugarama, akajenga Nyahanga. Alipohamishiwa mkoa mwingine, lori la kampuni lilibeba vyombo vyake, akakuta nyumba inamsubiri. Damian alihama kwa bodaboda, godoro limefungwa nyuma, na akishafika ndipo alipoanza kuuliza pa kulala.

Tarehe 8 Oktoba 2005 alifunga ndoa Ushirombo na Violeth, binti wa wakulima wa huko. Mungu aliwajalia Edson, Ritha na Loveness. Kila walikohamia, Damian alipita nyumba kwa nyumba kuamkia. Mama mmoja wa Msalala aliitikia marahaba, kisha akamuuliza, "Mmekuja kukaa au kuchimba?"

"Mama, tumeomba vyote viwili," alimjibu. Yule mama alicheka, akawapa kuku. Walihama kabla kuku hajataga.

Mwaka 2014 Loveness alifariki kwa malaria akiwa na miaka miwili. Walimzika pembeni mwa machimbo walikokuwa. Mwamba ulipokata, wakahama. Baadaye walirudi na msalaba wa mbao ili wamjengee kaburi, wakakuta eneo lote limechimbwa upya.

"Hapa hapajawahi kuwa na makaburi, mzee," kijana mmoja aliwaambia. Hakuwa na ubaya. Naye alikuwa mgeni.

Walizunguka mpaka jua likainama. Mwishowe Violeth aliuchomeka ule msalaba kwenye kifusi. "Popote alipo, atauona," alisema. Tangu siku hiyo Damian hakuzungumza tena habari za kujenga nyumba.

Alichobaki akikizungumza ni shule ya Edson. "Soma ufundi kama baba yako mdogo," alimwambia. "Fundi anahamishwa. Sisi tunafukuzwa na njaa." Lakini mtoto huyo alikuwa amebadilisha shule kila baba alipobadilisha shimo, na kila alikofika alikuta wenzake wameshamwacha nyuma.

Mwaka 2021 Damian alianza kukohoa. Daktari alimwambia vumbi la mawe limeingia kwenye mapafu, aache kuchimba na ahudhurie kliniki kila mwezi. Alihudhuria alipoweza. Akihama, vipimo vilianza upya. Fredy alimpigia simu: "Kaka, njoo ukae kwangu."

"Nikikaa kwako, wanangu watakula nini?"

Damian alipoishiwa nguvu, Edson aliacha shule akashika sururu ya baba yake. Damian alimkataza, akamsihi, akalia mbele yake. Edson alimjibu kwa upole, "Baba, nani mwingine ataingia shimoni?"

Mwezi Januari mwaka 2025 Violeth alimleta hapa nyumbani. Mama Justina alimpokea mlangoni. "Umerudi, mwanangu?"

"Nimerudi, mayu. Sasa siwezi kwenda."

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake.

Ameacha mama, mjane, ndugu wawili na watoto wawili. Violeth na Ritha watakaa hapa kwa mama, kwa kuwa hawana kwingine. Fredy yupo, amesafiri usiku kucha kutoka kazini. Edson hayupo. Tumempigia, simu haipatikani. Tulituma watu kwenye machimbo alikokuwa, wakakuta mashimo matupu. Mama muuza chai, naye akifunga vyombo vyake, aliwaambia vijana wote wamehama na hajui wameelekea wapi. Tumesubiri siku mbili. Hatuwezi kusubiri zaidi.

Kama yupo kati yenu atakayekutana naye huko, amwambie baba yake amezikwa Mhunze.

Bwana ampe Damian makao ambayo hakuyapata kwetu.