Anastazia Alute na Kipimo cha Saa Saba Mchana

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, mimi ni Sixbert, mdogo wake marehemu, na historia hii aliisahihisha mwenyewe akiwa kitandani, kwa hiyo mkisikia kosa la tarehe, hilo ni langu, nimeliongeza njiani.

Dada Anastazia Calist Alute alizaliwa hapa Mgori tarehe 14 Mei 1971, kifungua mimba wa Mzee Calist na Mama Magdalena, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1979 hadi 1985, sekondari Singida Mjini na Dodoma, kisha uhandisi wa elektroniki Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1996. Tangu 1997 alifundisha chuo cha ufundi Dodoma, na tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa Manyoni na shemeji yetu Clement, mfanyakazi wa reli, mtu mpole ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumaliza sentensi bila kurekebishwa, jamani, na bado alimpenda. Walijaliwa watoto wawili, Catherine na Yohana.

Mwaka 2019 alihamia Singida Mjini kuongoza karakana inayotengeneza mashine ya kupima upepo kwa mwanga. Alitueleza taratibu mpaka tukaelewa, kwamba amplifaya, yaani kikuza mawimbi ya umeme, inatoa mawimbi kwenye nyaya mbili, moja ikipanda nyingine inashuka, kwenda kwenye kifaa kinachoyageuza kuwa tarakimu kwa kasi ya ajabu, lakini zote mbili zikipanda au kushuka pamoja, hasa kwa joto, mawimbi yanavuka mpaka wa kifaa, tarakimu zinakatwa na upepo unasomwa uongo, ndiyo maana inawekwa sakiti ndogo ya kuangalia kiwango cha katikati cha nyaya zote mbili na kukirudisha mahali pake. Ya kwake ilikuwa na haraka mno, inavuta, inapitiliza, inarudi, mawimbi yakawa yanatetemeka bila kukoma, na sisi nyumbani tukacheka tukasema hiyo sakiti kweli ni yake.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2024, akalazimika kutulia, na huko kutulia ndiko kulikompa wazo la kuongeza kapasita, kile kidude kinachotunza umeme kidogo na kuuachia taratibu, ya kuipunguzia ile sakiti haraka. Alinikataza kuandika kwamba alifaulu mpaka mashine ikubali, tusije tukawadanganya watu msibani, nami niliogopa sana kwamba muda hautamtosha. Jumatatu tarehe 6 Oktoba 2025, jioni, mwenzake wa karakana, Witness, alipiga simu kusema mawimbi yametulia, dada akacheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini, halafu akaagiza wapime tena kesho yake saa saba mchana, jua likiwa kali, ndipo niandike. Alifariki Jumanne hiyo saa kumi na moja alfajiri, hospitalini Singida.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana aliwasahihisha na wao, majirani waliotupikia na kutuchotea maji, na wenzake wa karakana, ambao siku ileile, macho yamewavimba kwa kulia, walipanda kilimani ilipo mashine saa saba mchana wakapima.

Dada, yametulia hata juani, nami nimeandika kwamba umefaulu, sasa pumzika kwa amani, mama.