Fundi Redio Anaoa Leo Saa Nne

Benchi letu liko ubavuni mwa kinyozi, na kahawa naiuza mimi, kwa hiyo kila upuuzi naupata ukiwa bado wa moto. Asubuhi ile wenyewe walikuwa watatu: Kinyozi, Dereva, aliyestaafu lakini bado anashika usukani hewani akiongea, na Mzee Gazeti, msomaji wa karatasi zilizofungiwa vitu vya dukani. Wa nne wao, Fundi Redio, mwenye miaka thelathini na sita, alikuwa amejifungia kibandani kwake ng'ambo ya barabara. Saa nne alitakiwa ofisini kuandikisha ndoa na Mama Cherehani, mjane wa miaka hamsini na minane. Saa nne ilikaribia na mlango haukufunguka. Maneno ya benchi hili ndiyo yaliyomfungia.

— Mimi namwita kibenteni, kivulana cha jimama, alisema Kinyozi.

— Kibenteni ni kitoto cha juzi, Dereva akamkata. Yule ana kipara! Sema marioo, mwanaume wa kulelewa.

— Analelewaje, na kazi anayo? nikauliza.

— Bibi, akajibu Dereva, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Uvunguni kwa yule mama mna cherehani mbili!

Mzee Gazeti akakunjua karatasi yenye mafuta.

— Imeandikwa humu. Moshi wa kuchomea waya unapanda kichwani. Fundi akiuvuta miaka kumi, akimwona bibi anaona binti.

— Tumekwisha! Kinyozi akashika kichwa. Vijana wote wataoa mabibi, watoto hawatazaliwa, mimi nitamnyoa nani? Lakini mwana akililia wembe mpe. Aje tu, ninazo pakiti nzima.

Wakacheka mpaka benchi likalia.

— Zamani hatukuwa na vibenteni, nikawaambia. Mzee akioa binti, tulisema amepata wa kumzika. Mama akipata kijana, tulisema amepata mkongojo.

— Ee, bibi, akasema Mzee Gazeti, maneno yalikuwa na adabu!

— Adabu gani? Yaliuma vilevile, ila yaliuma polepole.

Lililobaki sikuwaambia. Nilikuwa mjane wa miaka arobaini na minne, aliyekuja kwangu alikuwa seremala wa ishirini na saba. Akija jioni ananukia mbao mbichi, vumbi la msumeno liko kwenye nyusi. Nikimwambia kaa, anakaa. Nikinyamaza, ananyamaza nami. Watu wa benchi hili wakati ule wakawa wananiita, "Mama Mkongojo, mwanao kaja." Nikamwambia asije tena. Akahama mji, nasikia ana wajukuu. Na mimi nilimtii nani? Watu ambao leo hata makaburi yao siyajui.

Mama Cherehani akatokea, gauni jipya, mkoba kwapani.

— Shikamooni. Mwenzangu ametoka?

Dereva akaachia usukani.

— Yumo ndani, nikasema. Anawaogopa hawa.

— Hawa? Akawatazama mmoja mmoja. Viuno vyao vyote ninavyo kwenye daftari, na najua nani hubana tumbo nikimpima.

Kinyozi akabana tumbo.

— Jina mnalomwita nimelisikia, na si moja. Sawa. Mimi nauliza kidogo tu: siku akiugua, nani kati yenu atamkanda?

Mzee Gazeti akapekua karatasi yake mbele na nyuma.

Mama hakungoja. Akavuka barabara, akasimama mbele ya kibanda.

— Baba, toka. Saa nne hii.

Mlango ukafunguka. Fundi alitoka amevaa shati jeupe, vifungo vimepishana, kola upande mmoja juu mwingine chini, kama aliyevaa gizani. Mama akaweka mkoba chini, akamfungua vifungo pale pale barabarani, akaanza upya kutoka juu. Pikipiki zikapiga honi. Hakugeuka. Alipomaliza akampangusa bega, wakaenda bega kwa bega, wala hawakuharakisha.

Nilitazama mpaka walipokata kona. Macho yangu yana ugonjwa wa uzee, hutoa maji.

— Bibi, akasema Dereva kwa sauti ndogo, hebu niongezee kahawa.

— Imekwisha, nikamwambia.

Birika lilikuwa limejaa.